Anayelibeba kanisa la kijijini

Ibada ikiisha, hakuna anayeondoka. Waumini wanatoka nje wakiimba, wanazunguka kiwanja chenye vumbi mbele ya kanisa la mabati, na mzee wa kanisa anainua yai moja juu ili watu wote walione. Mnada umeanza. Yai linatajiwa shilingi mia tano, linapanda hadi elfu moja, kisha kijana mmoja anatoa elfu mbili na kusema apewe mjane aliyekaa pembeni. Watu wanashangilia. Linafuata kopo la maharage, chupa ya maziwa, mkungu wa ndizi, na mwisho jogoo aliyefungwa miguu ambaye bei yake inabishaniwa mpaka jua linakuwa kali.

Yeyote aliyekulia katika mitaa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku kaskazini mwa nchi anaujua mnada huu. Ndiyo njia ya asiye na fedha mkononi kumtolea Mungu alichonacho. Mtunza hazina anaandika kila kitu katika daftari, na jioni hesabu inafungwa: fungu la usharika na dayosisi linatengwa kwanza, linafuata deni la mabati, kisha mafuta ya jenereta ya kwaya.

Kinachosalia ndicho posho ya mwinjilisti. Ipo miezi ambayo hakisalii kitu.

Mtu huyo ndiye aliyegonga kengele asubuhi, rimu kuukuu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Ndiye aliyehubiri. Jumamosi alifundisha kipaimara, Alhamisi alizika, na usiku wa kuamkia Jumapili alikuwa nyumbani kwa mume na mke waliogombana, akiwasihi wasiachane. Mchungaji wa usharika ana mitaa mingine kadhaa na pikipiki moja; anafika siku ya ubatizo na Meza ya Bwana, kisha anaondoka. Kwa Wakatoliki hali ni hiyohiyo, majina tu ndiyo yanabadilika: parokia ina vigango vingi, padre anafika kwa zamu, na Jumapili nyingine zote katekista anaongoza ibada bila padre.

Mwaka 1900 Wakristo wa Afrika nzima walikuwa hawafiki milioni 10. Leo wanazidi milioni 600, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imepitia mikononi mwa watu wa aina hii. Swali la makala haya ni moja: kwa nini mtu anayelibeba kanisa la kijijini ndiye wa mwisho kukumbukwa fedha zinapogawanywa?

Majina yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Historia ya misheni tuliyofundishwa shuleni huanza na meli. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache tu akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa. Wote wawili walikuwa watu wa imani na uvumilivu, na heshima yao hainyang'anywi na mtu.

Ila kwa miaka mingi Rabai ilikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Mambo yalianza kubadilika walipofika Waafrika waliokombolewa utumwani baharini, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudi kumsaidia Rebmann katika miaka ya 1860. Miongoni mwao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliowekwa wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885. Watu hawa walijua maana ya kunyang'anywa kwao. Mtumwa mtoro aliyekimbilia Rabai alikutana na mtu aliyeyapitia yaleyale.

Bagamoyo nako, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza mwaka 1868 na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Masasi mwaka 1876 ilikuwa hivyohivyo: Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la waliowekwa huru, wakakaa pale na kuanza kulima. Kanisa la kusini lilianza na kaya hizo.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya mlima Meru. Majina yao yamehifadhiwa vizuri. Usiku huohuo waliuawa pia Wachagga waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. Muulize Mlutheri wa kawaida akutajie majina ya Wachagga wale, na utapata kimya.

Vita vilipowaondoa wageni

Kipindi kinachosema mengi kuliko vyote ni kile cha baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Machame mwaka 1893, wakajenga shule na sharika kuuzunguka mlima. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Wajerumani wakaondolewa; mwaka 1920 wa mwisho wao wakafungasha. Hakukuwa na Mchagga hata mmoja aliyekuwa mchungaji. Walikuwapo walimu tu: vijana waliojua kusoma, kuandika, kuimba na kusali.

Kwa hesabu ya kawaida, sharika zile zingekufa. Hazikufa. Walimu waliendelea kufundisha wakatekumeni, kukusanya watoto na kuzika wafu. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia mwanzoni mwa miaka ya 1920, nao Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya muongo huo. Walichokikuta ni kanisa linalotembea. Wachungaji wa kwanza wenyeji waliwekewa mikono mwaka 1934, na hata wakati huo wapo waliosema kwamba ni mapema mno. Ninapousoma mkasa huu ninajiuliza ni ushahidi gani zaidi uliokuwa ukitakiwa.

> Wamisionari waliondolewa, mchungaji mwenyeji hakuwapo hata mmoja, na bado sharika hazikufa.

Uganda ilitoa mfano mkubwa zaidi. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewahi kuwa askari, alivuka Rwenzori mwaka 1896 akaingia Mboga, katika nchi ambayo sasa ni Kongo. Mtemi wa pale, Tabaro, alimpinga, akamtesa. Baadaye ndugu wa kike wa mtemi alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo akasingiziwa kifo chake na kutiwa gerezani. Alipotoka, alirudi Mboga. Miaka ya baadaye aliingia msitu wa Ituri kuwafuata Wambuti, akajifunza lugha yao akiwa amekwisha kuwa mzee. Alifariki mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ilikuwa bado huko.

Na kaskazini mwa Uganda, Paimol, makatekista wawili vijana wa Kiacholi, Daudi Okello na Jildo Irwa, waliuawa mwaka 1918 baada ya kukataa kuiacha kazi ya kufundisha dini. Jildo alikuwa bado mvulana. Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri mwaka 2002.

Fedha inakomea kwenye mabati

Tukirudi kwenye daftari la mtunza hazina, tatizo linaonekana hivi. Marafiki wa ng'ambo wanapoitembelea dayosisi, wanaguswa kweli. Wanaahidi paa, kisima, madarasa, pengine gari la jimbo. Mambo hayo ni ya lazima na mengi yameokoa maisha. Mama asiyetembea tena kilomita kumi kutafuta maji anajua thamani yake. Lakini posho ya mwinjilisti ni nadra kuingia kwenye orodha. Jengo lina mwanzo na mwisho, linapigwa picha, linawekewa jiwe la msingi. Mshahara unadaiwa kila mwezi na haupigwi picha.

Wafadhili wana hoja nyingine, nayo ni nzito. Katikati ya karne ya 19 Henry Venn, katibu wa Church Missionary Society ya Uingereza, alifundisha kwamba kanisa changa lazima lijitegemee kwa fedha, lijitawale na lijieneze lenyewe. Wanauliza: tukiwalipa wainjilisti wenu kutoka huku, siku tukishindwa itakuwaje? Na mwinjilisti atamsikiliza nani, waumini wake au sisi?

Waafrika wenyewe waliisema hoja hii kwa ukali zaidi. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitaka wamisionari na fedha za kigeni visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaunga mkono. Wengi walikasirika, Ulaya na hapa kwetu.

Naamini Gatu alikuwa sahihi. Lakini aliitetea heshima ya makanisa, na heshima hiyo haipatikani kwa kumwachia mtu mmoja wa kijijini gharama yote. Kinachotokea sasa ni kwamba ofisi za juu zinaendelea kutegemea misaada, magari yanaendelea kuja, na somo la kujitegemea linahubiriwa kwa mtaa wenye kaya arobaini. Kama ni kujitegemea, kuanze juu.

Watunza hazina wa dayosisi nao wasikilizwe. Sadaka ya wafugaji inafuata mvua. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo kwa wingi Simanjiro, Longido na ng'ambo ya mpaka kule Kajiado. Mtu aliyepoteza ng'ombe wote hana cha kupeleka mnadani. Dayosisi inayoahidi mshahara kwa kila mwinjilisti bila kujua fedha itatoka wapi itamdanganya, na kuna sehemu imekwishatokea, malimbikizo yakafika mwaka mzima. Hili si jambo la nia mbaya. Ni mpangilio wa matumizi uliowekwa zamani na ambao watu wanaogopa kuugusa: wa juu wanachukua fungu lao kwanza, wa chini anapata makombo.

Kanisa bila jengo, bila mshahara

Wapo wanaosema swali lote limekosewa: kwamba mshahara wenyewe ndio ugonjwa. Mfano wao mkuu ni padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan. Alifika misheni ya Loliondo katikati ya miaka ya 1960 akakuta shule, hospitali na magari, na hakuona Wamasai watu wazima wanaoishika imani. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake akiomba ruhusa ya kuyaacha yote hayo aende tu kwenye maboma kuzungumza na watu habari za Mungu. Akaenda, boma baada ya boma, kwa mazungumzo ya asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni. Kitabu chake cha mwaka 1978 bado kinasomwa vyuoni.

Wapandaji makanisa wa siku hizi, wengi wao wa Kipentekoste, wameipokea sehemu ya wazo hilo na kuliongezea kasi. Timu inafika na pikipiki, spika na projekta. Usiku inaonyeshwa Filamu ya Yesu kwa lugha ya watu wa pale. Siku chache za mkutano wa Injili, watu wanainua mikono, na wale waliookoka wanakabidhiwa kwa kiongozi wao wenyewe. Anapewa mafunzo ya majuma machache. Hakuna jengo, hakuna posho. Wanakutana chini ya mti au sebuleni kwa mtu.

Siwezi kuibeza kazi hii. Imefika mahali ambapo makanisa ya zamani yalikuwa yamepasahau kwa vizazi, na imemkuta mtu katika lugha yake. Kuna walevi walioacha pombe na nyumba zilizopata amani.

Ila Donovan alikaa na kila jamii karibu mwaka mzima kabla ya kubatiza. Ripoti za sasa zinazohesabu makanisa mapya kwa robo mwaka zimechukua wepesi wake na kuacha uvumilivu wake. Nani atamfundisha yule kiongozi wa majuma machache wakati mtoto wa muumini anapokufa na watu wanamuuliza kama ni dhambi ya mama? Nani atamkosoa akianza kuota ndoto na kuzifanya amri?

Rabai na Shakahola ni kaunti moja

Swali hilo lilijibiwa vibaya kabisa mwaka 2023. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Walikuwamo watoto. Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza, iko katika kaunti hiyohiyo.

Wakristo hatuna haki ya kusema lile halituhusu. Watu wale hawakutoka upagani. Wengi walikuwa waumini waliotafuta neno la uhakika zaidi ya walilolipata kanisani kwao, wakamkuta mhubiri asiye na wa kumwuliza.

> Mtu asiyefundishwa na asiyesimamiwa anapopewa mamlaka juu ya roho za watu, wanaolipa ni watoto.

Serikali nazo zimeingia. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mwaka 2018, mengi Kigali, kwa sababu za usalama wa majengo na kelele, kisha ikatunga sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia. Mwaka 2024 ikafunga maelfu mengine. Wanaoiunga mkono wanasema mganga hatibu bila kusoma, kwa nini mhubiri aruhusiwe? Wanaoipinga wanasema mkulima wa kijijini aliyeitwa kuhubiri hatapata shahada kamwe, na kwamba kwa kipimo hicho hata mitume wangefungiwa.

Mimi nasimama na wanaodai mafunzo, lakini shahada ya mjini hailengi panapouma. Panapouma ni mtaani na kigangoni. Chuo cha Biblia cha Mwika, Kilimanjaro, kimefundisha wainjilisti kwa vizazi, na dayosisi nyingi za Kikatoliki zina vyuo vya makatekista. Aina hii ya chuo, yenye kozi ya kijana aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne, ndiyo inayokosa wafadhili kwa sababu haina fahari ya chuo kikuu. Kuna vilivyofungwa au kufanywa kumbi za semina. Mwinjilisti aliyekaa chuoni miaka miwili, kisha akaitwa kila mwaka kwa juma moja la kujinoa na wenzake, ndiye ukuta wa kwanza dhidi ya Shakahola nyingine.

Mafunzo hayo yana faida nyingine. Mwenyeji aliyefundishwa anaweza kupima mila bila woga. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas na mapadre wake Waafrika waliingiza jando katika maisha ya kanisa badala ya kuipiga marufuku, wakichuja kilichofaa. Wangeweza vipi kuchuja bila watu waliopita jandoni wenyewe?

Wanawake hawakusubiri kualikwa

Kule Umasaini mapadre waliwalenga wazee na morani, wakiamini kwamba mwanamume akija, boma litafuata. Waliojaa kanisani walikuwa wanawake. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2005. Hali haijabadilika sana: hesabu mabenchi Jumapili yoyote.

Wanawake ndio wanaoleta mayai ya mnada, wanaofagia, wanaomlisha mgeni. Mke wa mwinjilisti anafanya kazi ya kanisa sawa na mumewe na jina lake halimo popote katika daftari. KKKT ilikubali wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na wainjilisti na makatekista wa kike wapo, wazuri. Bado mtaa wa mbali, wenye nyumba mbovu na njia ya porini, unapopewa mwanamke, mara nyingi unapewa bila nyumba na bila usafiri, kana kwamba wito wake utamlinda na fisi.

Kilicho mezani

Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua ya kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa, na kuyaachia mabaraza ya maaskofu yapange malezi na masharti. Ni heshima iliyochelewa sana. Sasa mabaraza hayo yana nafasi ya kuandika pia suala la matunzo, kwa sababu katekista aliyewekwa rasmi kwa shangwe Jumapili ataamka Jumatatu na ada ya shule ileile.

Kwa upande wa Walutheri na wengine, hatua zinazowezekana ni za karatasi ya bajeti, na hazihitaji mfadhili mpya. Posho ya mwinjilisti ikatwe kwanza kwenye sadaka kabla fungu lolote halijapanda juu. Sharika tajiri za Moshi, Arusha na Dar es Salaam, zinazobadilisha vyombo vya muziki kila baada ya miaka michache, zipewe kila moja mitaa miwili au mitatu ya porini zichangie posho za wainjilisti wa huko kupitia mfuko wa dayosisi, ili mwinjilisti asimfanye tajiri wa mjini kuwa bwana wake. Mwinjilisti aandikishwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao unapokea hata wasio katika ajira rasmi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mchango wa kaya ya mwinjilisti unaweza kulipwa na usharika kwa mara moja, baada ya sikukuu ya mavuno, wakati sadaka ni nyingi.

Na kundi lolote linalokuja kutaka kupanda kanisa katika kijiji kipya, liwe limetoka Texas au Tabata, liulizwe na halmashauri ya kijiji pamoja na makanisa yaliyopo: nani atabaki hapa mkiondoka, amesoma wapi, anamjibu nani, na mwezi wa njaa atakula nini? Lisiloweza kujibu maswali hayo manne lipewe maji ya kunywa na kuombwa kurudi likiwa na majibu.